Goti la Fundi Cherehani

Kabla hujanicheka, elewa kwanza kwamba goti langu la kulia lilikuwa mali ya umma. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na daraja la mbao, na cheo hicho cha goti sikukiomba. Nilikipata tu, kama mtu anavyopata mafua.

Kijito chetu ni chembamba. Unaweza kukivuka huku unaongea na simu, lakini pande zote mbili kimepakana na bustani: nyanya, vitunguu, mchicha, kabichi. Kila bustani ina pampu ya petroli, na kila pampu ina kiu. Kiangazi kimoja tulivuta maji mpaka kijito kikabaki vidimbwi vitupu, samaki wakaelea matumbo juu, na harufu yake ikatufuata hadi mezani. Ndipo akatumwa Bwana Samaki, ofisa kijana mwenye kofia kubwa kuliko mabega yake. Akasimika mti chini ya daraja, akauchorea mstari mwekundu. Maji yakiwa juu ya mstari, pampu ziwake kwa zamu. Yakishuka chini yake, pampu zilale na watu wamwagilie kwa keni, kwa sababu hapo maji hushika joto, samaki hukosa hewa na hukosa pa kupita. Tulimpigia makofi, na kwa kweli tuliifuata kanuni yake.

Mvua zilizofuata zikaubeba ule mti pamoja na mstari wake. Bwana Samaki akarudi na futi ya chuma kutafuta kimo kilekile. Kwa bahati mbaya yangu, siku hiyo nilikuwa nimempelekea shati nililomgeuzia kola. Akaniomba nikunje suruali, nisimame katikati ya mawe mawili meupe, nimshikie ncha ya futi. Akapima, akapima tena, kisha akachutama kunitazama mguu kwa furaha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuuonyesha mguu wangu. Mstari mwekundu ungepita katikati kabisa ya goti.

"Kwa sasa tutumie hili," alisema. "Mti mpya utaletwa wiki ijayo. Fundi, usisafiri."

Wiki ijayo ya ofisini si wiki ijayo ya kalenda. Mti haukuja, goti likabaki kazini. Kila Jumamosi asubuhi kamati ya maji ilikusanyika darajani. Nilichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikachora mstari gotini, nikaingia majini na kusimama katikati ya yale mawe. Chaki ikifutika, pampu ziliwaka wiki nzima. Chaki ikibaki, pampu zililala. Hapakuwa na ubishi, isipokuwa siku ile tuliyobishana kama katikati ya goti ni katikati ya mfupa au katikati ya nyama, kikao kikaisha watu wakiwa wote wamekunja suruali.

Sitakuficha, mwanzoni nilivimba kichwa. Watu walilisalimia goti kabla ya kunisalimia mimi. Mzee mmoja mwenye bustani kubwa ya nyanya, ambaye sote tulimwita Mzee Nyanya, alikuwa akinikuta njiani na kuinama kidogo: "Halijambo?" Nilipojikwaa sokoni, Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni kinyozi, aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa akaja kuhakikisha kwamba kipimo hakijavimba. Wapo waliomuuliza mke wangu kwa siri kama nilikuwa bado narefuka. Nina nywele za mvi, lakini mtu mwenye bustani haamini kitu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuliona goti hilo, naye alikuwa mjumbe wa kamati. Mama mkwe wangu.

Mambo ya ukweni ni mazito, unajua mwenyewe. Mama yule alikuwa na heshima zake zote, na heshima hizo hazikumruhusu kutazama mapaja ya mume wa binti yake, kamati au si kamati. Kwa hiyo kila Jumamosi alisimama darajani amenipa mgongo, mikono kiunoni, akiangalia kijito kinakotoka. Nikishaingia majini aliuliza, "Imefutika?" Nikijibu, aliwageukia wengine wathibitishe. Mimi aliniamini kidogo kuliko wote.

Sababu ilikuwa gauni. Zamani kidogo aliniletea kitenge kizuri cha rangi ya bluu chenye ndege wakubwa wa njano, nimshonee gauni la mikono mirefu. Nikamshonea la mikono mifupi. Nikamwambia kitambaa hakikutosha.

"Yadi sita hazimtoshi mwanamke mwembamba kama mimi?" aliuliza.

"Ndege hawa ni wakubwa, mama. Wanakula kitambaa."

Alinitazama sana. Tangu siku hiyo hakuniita mkwe, wala baba, wala mwanangu kama mama wakwe wengine wanavyowaita wakwe zao. Aliniita fundi, tena kwa sauti ambayo mtu hutumia anapotaja ugonjwa wa mifugo.

Basi kiangazi hiki ninachokusimulia kilikuja na meno. Wiki moja chaki ilibaki gotini nzima, safi, maji yakinilamba muundi tu. Pampu zikalala. Na kabichi za mama mkwe ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kufunga.

Hapo nielewe vizuri, maana hizo kabichi ndizo zilizoninyima raha. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imepoteza ukuta mmoja. Uliegemea, ukachoka, ukalala chini, na badala yake palining'inia turubai. Kabichi zile zikiuzwa, ukuta ungesimama kabla ya mvua. Zikifa, angehamia kwetu. Kwetu ni chumba kimoja nyuma ya kibanda cha cherehani, pazia katikati.

"Mama atalala upande wa mashine," mke wangu aliniambia jioni ya Ijumaa, akipepeta mchele kana kwamba anasema jambo la kawaida.

"Upande wa mashine nalala mimi nikikoroma."

"Utaacha kukoroma."

"Na nikiamka kwenda kuoga, nipite wapi?"

"Mbele yake, kwa adabu." Akaweka ungo chini. "Mume wangu, mama hataki kuja. Analia usiku kwa ajili ya ule ukuta, nimemsikia. Wiki moja tu ya pampu, kabichi zinafunga. Sasa, hilo goti... lazima lisimame wima vile? Haliwezi kukunjwa kidogo? Wewe ni mtu mzima, unaweza kusimama kama umechoka."

"Goti langu ni la haki," nilisema, nikatoka nje kwa hasira.

Huko nje nilijaribu kulikunja kidogo, kuona tu. Lilikunjika vizuri. Nikajiambia kwamba samaki wenyewe hawajawahi kuniletea nguo kushona, wakati mama mkwe akija na magodoro yake nitakuwa navaa suruali gizani mpaka kufa. Nikarudi ndani, lakini moyoni nilikuwa nimeshasimama kama mtu aliyechoka.

Asubuhi nilivaa suruali yangu ya kazini, ile isiyo na kifungo. Nawashonea vifungo watu wa pande zote mbili za kijito, na cha kwangu nilikuwa nimekishikiza kwa pini. Mganga hajigangi. Suruali yenyewe ilikuwa pana, ya marehemu mjomba wangu, na pini ile ndiyo iliyokuwa ikitutenganisha na aibu.

Kamati yote ilikuwa darajani. Mama mkwe alikuwa amenitangulia, na hilo lilinishangaza. Pampu yake alikuwa ameshaishusha ukingoni, petroli imejaa, mpira wa kuvutia maji umeunganishwa. Buti zake zilikuwa zimelowa mpaka juu na mikono yake ameificha ndani ya kitenge alichojifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi." Akanipa mgongo. "Imefutika?"

"Bado sijaingia, mama."

"Basi ingia!"

Nikakunja suruali, nikachora chaki, nikaingia. Hatua ya kwanza maji yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Ya pili, hivyohivyo. Nikaanza kulilegeza goti taratibu, kwa ustadi, nikanyanyua mguu kuingia katikati ya mawe mawili meupe, nikaukanyaga utupu.

Nilizama mpaka kiunoni. Pini ikaruka, nikaisikia ikiruka, na suruali ya mjomba ikanivuka ikaenda kukaa kwenye tope, ikiwa imekumbatia vifundo vyangu vyote viwili.

"Imefutika!" wakapiga kelele darajani.

"Imefutika?" mama mkwe aliuliza, bado amegeukia huko.

"Si kufutika tu, yamemfika kiunoni!" alisema Mzee Nyanya huku anarukaruka. "Mvua imenyesha huko juu!"

"Wiki iliyopita yalikuwa kwenye muundi," mtu mmoja alinong'ona. "Na mbona huko pembeni naona mawe?"

Mwenyekiti akanyanyua mkono. Mtu yule anapenda kanuni kuliko wembe wake. "Kwa mujibu wa kanuni, hatuangalii mawe. Tunaangalia goti. Goti limelowa?"

"Limelowa!"

"Kiuno hakimo katika kanuni. Pampu ziwake."

Mtu mwenye bustani inayokauka huona anachotaka kuona. Mimi sikuona, nilipapasa. Kwa vidole vya miguu nilizigusa kingo za lile shimo. Zilikuwa zimenyooka, zimekatwa kwa jembe, na mtu anayejua kulima. Nikamtazama mama mkwe: buti zimelowa, mikono imefichwa. Kumbe nilivyokuwa najipanga kukunja goti, mwenzangu alikuwa ameshakichimba kijito. Nikamwonea wivu kidogo. Mimi nilikuwa nimewaza kuiba inchi mbili, yeye ameiba kiuno kizima.

Halafu kitu kikanigusa paja. Kikanigusa tena, upande wa pili. Kingine kikaingia kwenye mguu wa suruali kule chini, kikashindwa kutoka, kikaanza kupiga teke. Nikaelewa. Kijito chote kilikuwa na maji ya kuosha vidole, na ghafla hapa pamepatikana kina. Samaki wote waliobaki walikuwa wamehamia humo, wakubwa kwa wadogo, na sasa waliona mgeni amewaingilia.

"Nakuja kuweka mpira, fundi!" mama mkwe alisema. "Nakuja kinyumenyume. Kama hujajisitiri vizuri usiniambie."

Akaja kinyumenyume kweli, hatua kwa hatua, akautupa mpira kwa juu ya bega. Ukanigonga kichwani, ukazama pembeni yangu.

"Toka sasa, niwashe."

"Siwezi kutoka, mama."

"Kwa nini?"

Hebu nisaidie wewe. Ningesema nini? Ningesema kuna shimo, ningemvua nguo mama mkwe mbele ya kamati. Ningesema suruali imenivuka, ningejivua mimi mbele ya mama mkwe. "Miguu imekufa ganzi," nilisema.

"Basi kaa, maji hayakati mtu," alijibu, akavuta kamba. Pampu ikakohoa, ikanguruma, na shimo likaanza kupungua.

Maji yalianza kushuka kutoka kiunoni. Nikachutama kidogo ili yanifunike. Yakashuka tena. Nikachutama tena. Na hapo ndipo kipimo cha serikali kilipoanza kufanya kazi kinyume, kwa maana kutoka darajani walichokiona ni mtu aliyesimama na maji yanayopanda.

"Yamefika kifuani!" Mzee Nyanya alipiga yowe. "Tunavuta na yanazidi!"

"Haijawahi kutokea," alisema Mwenyekiti, macho yakimtoka. "Kwa mujibu wa kanuni, zamu ni pampu moja. Lakini kwa kifua..."

"Kwa kifua ni mbili!"

"Basi ya pili iwake!"

Mzee Nyanya akakimbia kwa mbio ambazo sikujua anazo, akarudi anaburuta pampu yake, mpira wa pili ukatua shimoni. Maji yakaenda mbio. Nikapiga magoti. Darajani wakashangilia kwamba yamefika mabegani. Nikaketi kabisa, nikiwa nimeikalia suruali ya mjomba na samaki aliyekuwa ndani yake akilalamika. Watu husema maji yamewafika shingoni wakiwa na shida. Mimi yalinifika huku kamati ikinipigia makofi.

"Zimeni!" nilipiga kelele. "Zimeni pampu!" Lakini pampu mbili zilikuwa zinanguruma sikioni mwangu, na wale darajani waliniona nimenyanyua mkono, nao wakanipungia.

Ni hapo, kidevu kikiwa juu ya maji, nilipokutana uso kwa uso na perege mmoja. Alikuwa jike mkubwa kama kiganja, mwembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili. Alikuja juu kutafuta hewa, anafungua mdomo, anafunga. Pembeni yake palikuwa na kundi la vitoto vyembamba kama vipande vya uzi. Mpira wa pampu ulipokoroma karibu yao, vile vitoto vikamkimbilia mama yao, vikamiminika mdomoni mwake. Akafunga mdomo. Sasa hata ile hewa alikuwa haivuti tena vizuri.

Bwana Samaki alikuwa ametufundisha jambo hilo, nami siku hiyo nilisinzia nusu. Perege jike hubeba mayai mdomoni, kisha watoto, na muda wote huo hali chochote. Nikakumbuka, na sijui kwa nini kumbukumbu hizi mbili zilikaa pamoja, kitu alichowahi kunisimulia mke wangu kuhusu miaka yao mibaya. Baba yao akiwa ameshafariki, mama aliwapakulia watoto wote, akakaa pembeni na sahani tupu, akasema, "Kuleni, mimi nimeshakula jikoni." Walikuwa wakubwa walipogundua kwamba jikoni hapakuwa na kitu.

Moyo uliniuma, nakwambia ukweli. Niliketi kwenye tope nikiwa nimekunja goti langu la haki mpaka mwisho wake, na kadiri nilivyojificha ndivyo pampu zilivyoendelea. Sauti yangu haikusikika. Kitu pekee ambacho watu wale walikuwa wakikisoma ni mwili wangu. Nikiketi, maji ni mengi. Nikisimama, wataona.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sidhani kama walikuwa wakifikiria mbele ya mama mkwe.

Nikasimama.

Maji yalikuwa chini ya magoti. Darajani makofi yalikatika yote kwa pamoja. Mzee Nyanya alitazama, akatazama pampu yake, akaizima bila kuambiwa. Ikabaki ile ya mama mkwe, naye yuko pale ukingoni, amenipa mgongo, hajui kitu.

"Mama, geuka!" nilisema.

"Sigeuki! Nina heshima zangu."

"Mama, nakuomba. Geuka uone."

Nafikiri ni ile "nakuomba" iliyomgeuza, kwa sababu sikuwahi kumwomba kitu zaidi ya binti yake. Akageuka. Na macho yake, kabla ya kufika kwa samaki, yalifika kwenye chupi yangu. Chupi hiyo niliishona mwenyewe, pana, ya starehe. Ilikuwa ya bluu, yenye ndege wakubwa wa njano.

Pampu iliendelea kunguruma.

"Mikono ya gauni langu," mama mkwe alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Lakini tazama chini."

"Yadi sita, fundi!"

"Mama, tazama chini! Huyu hapa. Amebeba watoto mdomoni. Hali kitu mpaka wakue. Anawaambia ameshakula jikoni."

Akatazama. Perege yule alikuwa amelala ubavu kwenye maji machache, mdomo umefungwa kwa nguvu, na kitoto kimoja kilichochelewa kinagonga mlango. Mama mkwe alikitazama kile kitoto mpaka mdomo ulipofunguka kidogo kikaingia. Akapeleka mkono nyuma, akazima pampu. Mkono huo ulikuwa umejaa malengelenge ya jembe. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanitupia bila kuniangalia tena.

"Jifunge," alisema. Kisha akawageukia watu wa darajani. "Shimo nimechimba mimi. Maji hayajapanda. Chaki ingebaki."

"Kwa mujibu wa kanuni..." alianza Mwenyekiti.

"Nyamaza, kinyozi."

"Na nyanya zangu je?" Mzee Nyanya alilalamika.

"Na kabichi zangu je?" akamjibu. "Chukua keni. Na anayetaka kuwasha pampu leo aje anivuke mimi kwanza."

Hakuna aliyemvuka. Mwanamke aliyechimba kijito kwa usiku mmoja si mtu wa kuvukwa asubuhi. Maji yakarudi shimoni taratibu, yakichirizika kutoka juu, na samaki wakaanza kuzama tena mmoja mmoja. Yule aliyekuwa ndani ya suruali nilimtoa kwa mikono. Alikuwa kambare, amekasirika sana.

Wiki zilizobaki tulibeba keni, mimi, mke wangu na mama mkwe, asubuhi na jioni, mabega yakatoka sugu. Haikutosha. Kabichi zinataka maji mengi, na keni ni keni. Mstari wa kabichi ulio karibu na kijito ulifunga, na mingine yote ikabaki majani yanayopungia wapita njia. Ukuta haukujengwa. Mama mkwe hakulalamika hata siku moja, na hilo lilinitisha kuliko malalamiko. Alikuwa anapita kwenye shimo lake kila asubuhi, anachungulia, anaondoka.

Bwana Samaki alikuja hatimaye na mti wa chuma, akausimika kwa saruji. Goti langu likastaafu bila hata soda. Alipoliona lile shimo alifurahi kupita kiasi, akauliza ni mtaalamu gani aliyetuchimbia kimbilio la samaki, pazuri namna hiyo, penye kina cha kutosha kiangazi kizima.

"Ni mimi," alisema mama mkwe.

"Mama ulisomea wapi?"

"Ukutani," alimjibu, wala hakumfafanulia. Bwana Samaki akaagiza shimo lisifukiwe kamwe, na pampu yoyote isitie mpira humo.

Siku moja kabla ya mvua, nikiwa kwenye cherehani, mlango ulizibwa na godoro. Nyuma ya godoro alikuwa mama mkwe. Ameshika jembe mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko wenye kabichi moja, kubwa kama ngumi ya mtu mpole. Mke wangu alimpokea godoro akaenda nalo nyuma ya pazia, upande wa mashine. Mimi nilisimama nimeshika mkasi, sijui niangalie wapi.

"Shikamoo, mama. Karibu. Ile chupi nimeshaifumua. Nitakuongezea mikono kwenye gauni."

"Thubutu! Ile sitaki inikaribie."

Akaweka kabichi juu ya meza ya kukatia. Akatia mkono ndani ya mfuko, akatoa mkanda wa ngozi, mkuukuu, uliopauka kwenye tundu moja ambalo mtu alilitumia miaka mingi. Mwenye mkanda nilimjua kwa picha tu, ile iliyokuwa ukutani kwake kabla ukuta haujalala. Baba mkwe wangu, amesimama wima, amejifunga mkanda huo.

"Mwanangu," alisema.

Niligeuka nyuma kuona kama mke wangu ndiye aliyeitwa. Yuko nyuma ya pazia, anatandika.

"Wewe," alisema mama mkwe. "Kama tutalala nyumba moja, jifunge."

Nikajifunga. Tundu lile lilikuwa mbali, yule mzee alikuwa na tumbo. Mama akaichukua sindano yangu nene, akanishikia mkanda pale unaponitosha, akalitoboa tundu jipya mwenyewe.